Uzi: Kufyonza maji na mate kwa wanaojifunza kazi ya msaidizi wa daktari wa meno. Mnashikaje kanula, ule mrija wa kufyonzea?

Stajeri_Himbi

Jambo wote. Niko kwa staje, mafunzo ya kazini, kwenye kabine (kliniki) ndogo ya meno hapa Goma, upande wa Himbi. Nimesomea uuguzi wa kawaida, na kama mnavyojua hapa kwetu wengi tunaingia kwenye meno kwa mlango huo, unafundishwa ukiwa tayari umevaa glavu. Kupanga trei, kukoroga saruji, kupakia otoklavu ya kuua vijidudu, hayo yananiingia. Kinachonisumbua ni kufyonza.

Turbini, ile mashine ya kuchimbia jino, ikianza, maji yanaruka kila upande. Nikisogeza kanula karibu, dokta anasema nimemzibia. Nikirudi nyuma, mdomo unajaa na mgonjwa anaanza kuinua kichwa. Magego ya chini upande wa kulia ndiyo mabaya zaidi, ulimi unanipiga vita. Na wengine, ukisogea nyuma kidogo tu, wanataka kutapika.

Dokta wangu ni mtu mwema, lakini si mtu wa kueleza. Yeye ni "fyonza, fyonza" basi. Wakubwa mlio kwenye kazi, mnakaa wapi? Mnashika kwa mkono gani? Ncha inaangalia wapi? Niko tayari kusoma maelezo marefu.

YayaWaKiti

Karibu mdogo wangu. Umeomba marefu, usije ukalalamika.

Anza na kiti kabla ya mkono. Mgonjwa akiwa amelala, weka saa ya ukutani juu ya uso wake akilini, utosi uwe namba 12. Dokta anayetumia mkono wa kulia anazunguka kati ya namba 8 na 12. Wewe kaa kati ya 2 na 4, paja likiwa karibu kabisa na kiti cha mgonjwa. Nafasi ya 4 hadi 7, juu ya kifua, ndiyo njia ya kupeana vifaa. Hapo juu ya macho ya mgonjwa pasipite sindano wala chuma chochote.

Halafu urefu. Macho yako yawe juu ya macho ya dokta kwa sentimita 10 hadi 15. Stajeri wengi wanakaa chini, wengine kwa heshima, wengine kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kile kipini cha kupandisha kigoda. Ukikaa chini huoni jino, unaona mgongo wa mkono wa dokta, na usipoliona jino unafyonza kwa kubahatisha. Jioni shingo inauma unadhani umezeeka.

Mkono: kanula kubwa iwe mkono wa kulia, seringi ya hewa na maji mkono wa kushoto. Sababu ni hiyo njia ya juu ya kifua. Mkono wako wa kushoto ndio ulio upande huo, kwa hiyo unaweza kuacha seringi ukampa dokta kifaa bila kuiondoa kanula mdomoni. Ukigeuza mikono, kila anapoomba kitu unalazimika kuacha kufyonza.

Kushika kuna namna mbili. Unaishika kama kalamu unapofanya kazi ya meno ya mbele au unapotaka wepesi. Unaishika kwa kiganja, kidole gumba kikilala kuelekea ncha, unapohitaji nguvu ya kuzuia ulimi au shavu huko nyuma. Usijilazimishe moja. Mimi nabadilisha hata ndani ya jino moja.

Sasa lile la "umenizibia". Hilo ni la zamu kuliko la nafasi. Kanula inaingia mdomoni KABLA ya turbini. Wewe unaweka, unatulia, ndipo dokta analeta kioo na turbini na kujipanga kuzunguka pale ulipo. Ukisubiri maji yaruke ndipo uingie, utamkuta ameshachukua nafasi yote, na popote utakapoweka utakuwa umemzibia. Waangalie vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanaoteremka na magunia kutoka Kibumba: kona bado haijafika, mguu umeshaanza kubana breki. Sikiliza dokta anapovuta pumzi, angalia mguu wake unapotafuta pedali. Ukiuona mguu unasogea, kanula yako iwe imeshafika.

DoktaBkv

Salamu kutoka Bukavu. Mimi niko upande wa pili wa kiti, nitasema tunachokitaka sisi ingawa wengi hatukitamki.

Ncha ya kanula kubwa imekatwa mshazari. Uso wa mshazari huo ulale sambamba na upande wa jino, karibu sentimita moja kutoka jino lenyewe, nyuma yake kidogo, na ukingo wa juu uwe usawa wa sehemu ya kutafunia au uzidi kidogo. Ukiwa hapo, maji yanapiga jino, yanaruka, yanaingia kwako. Ukishuka chini kwenye sakafu ya mdomo utavuta dimbwi, lakini mvuke wote utapanda usoni kwangu na kwako.

Upande upi wa jino? Kanuni ni rahisi: upande ulio karibu na wewe msaidizi. Kwa magego ya kushoto, kanula inakaa kwa nje, kati ya shavu na meno. Kwa magego ya kulia inakaa kwa ndani, upande wa ulimi au wa kaakaa. Kwa meno ya mbele, wewe kaa upande ambao mimi sipo. Nikichimba kwa nyuma ya jino, njoo mbele. Nikichimba mbele, nenda nyuma.

Kwa hiyo magego ya chini kulia yanayokutesa: ingiza kanula upande wa ulimi, ubavu wake uusukume ulimi polepole kuelekea katikati, tundu likiangalia jino. Mimi nitashika shavu la kulia kwa kioo changu. Usipigane na ulimi. Ulimi ni msuli, ukiusukuma kwa nguvu unarudisha kwa nguvu. Ukiulalia tu bila kubonyeza, baada ya muda unachoka wenyewe na kutulia.

Jambo moja zaidi. Usisogee karibu mno hadi ukayanyang'anya maji kabla hayajagusa jino. Turbini inazunguka mara 300,000 hadi 400,000 kwa dakika, bila maji inachoma. Kuna utafiti wa mwaka 1965 uliofanywa kwa tumbili: joto ndani ya jino lilipopanda kwa nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, sehemu ya meno hayo yalikufa kiini. Tunayaita maji ya kupoza kwa sababu hiyo. Acha yafanye kazi yake, kisha uyachukue.

Stajeri_Himbi

Aksanti sana Yaya, aksanti Dokta. Hilo la kuingia kabla ya turbini hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi nilidhani ni adabu kumsubiri dokta aingie kwanza.

Swali: Dokta unasema ubavu wa kanula uzuie ulimi. Na shavu la kushoto je? Nizuie kwa kanula hiyo hiyo, au nichukue kioo mkono wa kushoto?

DoktaBkv

Kanula hiyo hiyo. Mkono wa kushoto uubakize huru.

YayaWaKiti

Dokta, kwa heshima yako, hapo mimi siko pamoja nawe. Ukimwambia stajeri azuie shavu kwa kanula, atalivuta shavu lote liingie ndani. Utasikia ile "fwuup", mgonjwa anaruka, na ndani ya shavu inabaki alama nyekundu ya duara hadi kesho. Mwanzoni ashike kioo. Akishazoea ndipo aache.

DoktaBkv

Mama, nakuelewa, lakini akizoea kioo hatakiacha. Nimewapokea wasaidizi wenye miaka kwenye kazi ambao mikono yote miwili imejaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mimi nageuka kuchukua vifaa mwenyewe. Kinachofyonza shavu ni pembe mbaya ya kanula. Tundu likiangalia jino na mgongo wa kanula ukiwa ndio unaogusa shavu, hakuna cha kufyonzwa.

YayaWaKiti

Kwenye karatasi ndiyo. Kwa mama mwenye mashavu manene aliyepigwa ganzi, shavu linazunguka lenyewe na kulifuata tundu. Ila nakubali hilo la mikono kujaa.

Mdogo wangu, fanya hivi: upande wa kushoto, jaribu kwa kanula peke yake kwenye kazi fupi, kama kuangalia na kusuuza. Kazi ndefu ya turbini, chukua kioo hadi kifundo cha mkono kijue pembe. Na shavu au ulimi ukinaswa, usivute! Ukivuta unachubua. Zungusha kanula robo mzunguko hewa iingie pembeni, itaachia yenyewe. Au funga kile kivalvu kwenye mshikio.

Mgonjwa_Sugu

Naomba sisi tunaolala pale tusemewe kidogo. Mimi ni mtu wa Ndosho, meno yangu yamenipeleka kwenye viti vingi hapa mjini na ng'ambo kule Gisenyi. Msaidizi mzuri namjua kabla sijapigwa hata sindano: ananiambia "Papa, ukitaka tusimame inua mkono wa kushoto, na upumue kwa pua". Basi. Mwingine anakuja na bomba linalonguruma, hasemi kitu, analitia kooni kwangu. Nikikohoa ananiambia nitulie. Nitulieje na nazama?

Na nina swali langu. Kuna mahali walinipa kale kamrija kadogo kaliko pinda, wakaniambia nifunge midomo nikanyonye kama mrija wa fanta. Kwingine wakanikataza. Nani mkweli?

DoktaBkv

Waliokukataza, Papa. Ukifunga midomo kwenye mrija ule na kunyonya, nguvu ya kinywa chako inaweza kuishinda nguvu ya mashine, na kilichomo ndani ya bomba kikarudi mdomoni mwako. Na ndani ya bomba kuna mate ya waliokutangulia. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2003 wa kuzuia maambukizi kwenye kazi za meno unalitaja jambo hili waziwazi: mgonjwa asiambiwe kufunga midomo. Stajeri, hilo liandike. Pompu ya mate, ndiyo kamrija hako, inaning'inia tu pembeni ya mdomo, midomo wazi, na inabadilishwa kwa kila mgonjwa.

Pia jueni kwamba pompu hiyo ni ya mate yanayojikusanya taratibu. Kanula kubwa ikiwa kwenye mashine nzima inavuta karibu lita 250 hadi 300 za hewa kwa dakika, na ni hewa hiyo inayobeba mvuke wa turbini. Pompu ya mate haikaribii hapo. Kabine inayochimba jino kwa turbini huku mgonjwa ana pompu ya mate peke yake inafanya kazi nusu, na mvuke wote unabaki chumbani.

YayaWaKiti

Papa wa Ndosho amesema kweli tupu. Nyongeza juu ya kutapika: sehemu za kuogopa ni kaakaa laini, kimio, na nyuma ya ulimi. Ukiingia, ingia kwa pembeni kupitia shavu, usipite katikati ya ulimi. Ukigusa, gusa kwa uthabiti. Kinachochokoza koo zaidi ni kule kugusagusa kwa woga, unaweka unatoa, unaweka unatoa. Mgonjwa akianza kuchefuka, toa kila kitu, mwambie apumue kwa pua, ainue mguu mmoja kidogo na aukaze hapo, akili itahama.

Kabla hujaanza muulize kama pua imeziba. Mwenye mafua kalazwa chali mdomo wazi umejaa maji, huyo hana pa kupumulia kabisa, mwinue mgongo kidogo au apangiwe siku nyingine. Mama mjamzito wa miezi ya mwisho usimlaze chali kabisa, mweke mto mdogo chini ya nyonga ya kulia aegemee kushoto. Uzito wa mtoto ukikandamiza mshipa mkubwa, anazimia mikononi mwenu.

Fundi_Birere

Mimi natengeneza viti vya meno na kompresa, zile mashine za kusukuma hewa. Nimesoma yote na hakuna aliyeuliza swali la kwanza: dada, mashine yako inavuta?

Nauliza kwa sababu nimeitwa sehemu nyingi, dokta anamfokea msaidizi hajui kufyonza, nafungua chujio nakuta limejaa pamba, ukoga, vipande vya amalgamu (ile dawa ya kuzibia meno yenye zebaki), hata karanga. Hapo hata malaika angeshika kanula maji yangejaa.

Viti vingi nilivyofungua hapa mjini havina mota ya kufyonza yenyewe. Hewa ya kompresa inapitishwa kwenye njia nyembamba, ikipita kwa kasi inavuta nyuma yake. Maana yake turbini na kanula vinakula sahani moja. Kompresa ikiwa ndogo au tangi lina kutu na maji, dokta akikanyaga pedali presha inashuka, na wewe unapoteza nguvu ya kufyonza sekunde ile ile unayoihitaji. Mwombe mtu akanyage turbini, wewe washa kanula, uangalie mshale wa presha. Turbini nyingi zinataka bari 2.5 hadi 3 zikiwa zinafanya kazi. Mshale ukianguka chini ya hapo, tatizo haliko mkononi mwako.

Vingine vya kuangalia: bomba la pili liko wazi? Ukiacha pompu ya mate inapumua hewa bure kwenye mshikio wake, umegawa nguvu. Ule mpira wa duara panapoingia kanula umekauka? Unavujisha. Na chujio la hewa la kompresa lenyewe. Vumbi letu jeusi la mawe ya Nyiragongo linaziba chujio haraka kuliko kitabu cha kiwanda kinavyosema. Kiwanda hakikuiwazia Goma.

Stajeri_Himbi

Fundi, umenifungua macho. Leo kabla ya mgonjwa wa kwanza nilimwomba dokta tufungue chujio. Sitasema tulichokuta, kuna watu wanakula. Tumelisafisha na nguvu imebadilika kabisa, hadi dokta mwenyewe akashangaa. Mpira nao umepasuka, tumetuma mtu akatafute.

Nimekaa juu pia, Yaya, na nimeingia kabla ya turbini. Gego la juu kushoto limekwenda vizuri. La chini kulia bado nachelewa, ila sasa najua ninachokitafuta.

Tunasafishaje mabomba? Hapa tunamwaga maji ya moto na javeli, ile dawa ya kutoa madoa ya nguo, kila Jumamosi.

Fundi_Birere

Acha! Vyote viwili.

Maji ya moto yanaigandisha protini ya damu na mate kwenye kuta za bomba, inashika kabisa. Tumia maji baridi. Javeli inakula vyuma na mipira, na ikikutana na amalgamu inatoa zebaki iende na maji. Sabuni ya unga nayo hapana, povu linaingia mahali lisipotakiwa, kama una mota utainunua tena. Tafuta dawa ya mabomba ya kufyonzea isiyotoa povu.

Baada ya kila mgonjwa vuta glasi ya maji baridi. Ukivuta, chovya na kutoa, chovya na kutoa, hewa na maji vichanganyike, msukosuko huo ndio unaosugua. Jioni dawa. Chujio kila siku, ukiwa na glavu nene, barakoa na miwani, na mabaki ya amalgamu usiyatupe kwenye sinki. Weka kwenye chupa yenye kifuniko.

Mgonjwa_Sugu

Karanga? Kweli?

Fundi_Birere

Karanga, Papa. Na mbegu ya pera.

Lushois_Kamalondo

Salamu toka Lubumbashi. Mimi pia niko kwa staje, na dokta wangu anatumia mkono wa kushoto. Ina maana naenda upande wa pili wa kiti na mambo yote yanageuka?

YayaWaKiti

Yote. Yeye anakaa kati ya 12 na 4, wewe kati ya 8 na 10. Kanula mkono wa kushoto, seringi mkono wa kulia. Na ile kanuni ya Dokta ya "upande ulio karibu na wewe" inabaki ile ile, ila sasa magego ya kulia ndiyo ya nje na ya kushoto ndiyo ya ndani. Tatizo utakalolipata ni kiti chenyewe: mabomba yamefungwa kwa ajili ya wa mkono wa kulia, yatavuka tumbo la mgonjwa. Omba fundi akuhamishie mkono wa mabomba kama unahamishika.

Lushois_Kamalondo

Aksanti Yaya. Na umeme ukikatika katikati? Huku SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, haitoi taarifa.

YayaWaKiti

Hata huku, tuna umeme wa kampuni ya Virunga na tuna SNEL na bado tuna giza. Ukikatika, turbini inasimama yenyewe, kwa hiyo maji mapya hayaji. Mwinue mgonjwa ateme. Weka pamba za kuviringisha pembeni ya ulimi na kwenye shavu. Kwenye droo yangu kuna seringi ya mililita 60 yenye mpira laini mbele, inavuta dimbwi vizuri. Kama mko ndani ya kituo chenye uzazi, kuna pompu ya kukanyaga kwa mguu, iazime.

DoktaBkv

Na dokta mwenye akili anabadilisha mpango. Tundu dogo unaweza kulisafisha kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji ya ayonoma, hakuna turbini, hakuna maji, pamba zinatosha. Njia hiyo ilianzia hapa jirani Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme.

Nirudi kwenye kanula, kuna mahali ambapo kufyonza si suala la starehe ya mgonjwa tu. Kwanza asidi. Tukiandaa jino kwa resini, ile dawa nyeupe ya kuzibia, tunapaka asidi ya fosforiki, kisha tunasuuza. Wakati wa kusuuza, kanula iwe juu ya jino hilo hilo tangu tone la kwanza, asidi isiende kwenye ufizi na ulimi. Goma hasa mtakutana na hili sana, kwa sababu watu wengi wana madoa ya kahawia kutokana na floridi iliyomo kwenye maji ya upande wa volkano, na baadhi ya madaktari wanayasugua kwa asidi kali zaidi. Pili dawa ya kuosha mizizi, hipokloriti, ambayo kwa kweli ni binamu wa javeli. Inaunguza. Hapo mpira wa kutenga jino uwepo, na kanula isiondoke kando ya jino hata dokta akikuomba kitu.

Tatu hewa. Ile seringi ya mkono wa kushoto unaitumia kupuliza kioo changu matone yasinizibe, na nakushukuru. Lakini kwenye kidonda kilicho wazi, baada ya kung'oa au kupasua ufizi, usipulize kamwe. Hewa inaingia chini ya ngozi na uso unavimba palepale.

Stajeri_Himbi

Dokta, umegusa nilikokuwa naelekea. Wiki hii tuna kung'oa gego la mwisho la chini, litapasuliwa. Nitakuwa peke yangu upande wangu. Kanula ni ile kubwa?

DoktaBkv

Hapana, ile nyembamba ya upasuaji. Kubwa itamficha dokta kidonda na kuvuta ufizi ulioinuliwa. Nyembamba unaielekeza pale chini kabisa damu inapojikusanya, unafuta kwa mguso mfupi mfupi ili aone mfupa. Akikata mfupa kwa maji, fuata maji yanapotokea, ukitangulia kidogo kama alivyokwambia Yaya.

Inaziba haraka, kwa sababu damu na vipande vya mfupa havipiti. Weka kikombe cha serumu, yale maji ya chumvi, pembeni, na kila unapopata nafasi vuta kidogo kuosha njia.

YayaWaKiti

Na jino likitoka, ukavuta mara moja kukagua kama kuna kipande kimebaki, TOA kanula humo. Usirudi shimoni "kusafisha zaidi". Damu inayojaa pale inatakiwa igande. Ukiivuta, siku ya tatu mgonjwa anarudi analia, mfupa uko wazi, na maumivu yake ni mabaya kuliko ya jino lenyewe. Shashi, aume, basi.

Kipande cha jino au kofia ya jino kikidondoka mdomoni, usikikimbilie na kanula kubwa, kinaweza kupotea au ukakisukuma kooni. Mgeuze mgonjwa kichwa pembeni, umwambie asimeze, dokta akichukue kwa koleo. Baadaye hesabuni vipande. Kama kimoja hakionekani, angalieni kwenye chujio kabla ya kumpeleka mtu kupiga picha ya kifua. Ndiyo maana chujio liwe safi tangu asubuhi, usikute unatafuta jino la leo katikati ya karanga za Papa.

Mgonjwa_Sugu

Sikula karanga mimi!

Stajeri_Himbi

Nimecheka hadi mlinzi amekuja kuangalia.

La mwisho: serumu iwe ya joto au ya baridi, na niandae kanula nyembamba ngapi?

DoktaBkv

Serumu ya joto la chumba. Kanula mbili zilizopita otoklavu, ikiziba ya kwanza hutaki kuanza kuchokoa kwa sindano wakati damu inajaa. Na mwambie dokta wako tangu mapema, kabla mgonjwa hajaingia, kwamba akitaka kioo kipulizwe atamke, maana siku hiyo mkono wako wa kushoto utakuwa umeshika shavu.

YayaWaKiti

Kwa kioo?

DoktaBkv

Kwa kishikio cha shavu, Mama. Siku ya upasuaji nimekubali.